Jibu kuhusu Lambda na Sigma: angalieni ni kwaki ipi imebeba spini

Ndugu uliyeuliza, umetaka kujua kwa nini barioni (chembe zenye kwaki tatu, kama protoni) Lambda na Sigma isiyo na chaji, zote za kwaki u, d na s, zinatofautiana tungamo, na kwa nini Lambda ikiingia ndani ya kiini cha atomu huwa kama haiijali spini yake (sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha). Maswali hayo yana mzizi mmoja.

Nikifundisha fizikia kidato cha sita hapa Tanga, kwa muda mrefu nilitosheka kusema kwamba katika Lambda spini za u na d zinapingana, jambo linaloshusha nishati, ilhali katika Sigma zinaelekea upande mmoja. Siku moja mwanafunzi alizilaza sumaku tatu ndogo mezani kwangu, akaisogeza ya tatu kwa kidole, akauliza: "Mwalimu, na hii mbona hujaihesabu?" Alisema kweli. Barioni zote mbili zina spini ya jumla ya nusu, na ukijumlisha mchango wa jozi zote tatu unapata kiasi kilekile. Kwa hiyo kama kwaki zote zingelingana tungamo, tofauti ingekuwa sifuri.

Kinachovunja usawa huo ni uzito wa s, iliyo nzito kuliko u na d. Kani hii ya spini baina ya kwaki, inayobebwa na chembe ziitwazo gluoni (sumaku ni mfano tu), hupungua kadiri kwaki inavyokuwa nzito, kama walivyoonyesha wanafizikia De Rújula, Georgi na Glashow mwaka 1975. Chukua daftari. Delta, barioni ya u na d ambayo spini za kwaki zake zote zinaelekea upande mmoja, ina MeV 1232 (MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo) na nukleoni, yaani protoni au nyutroni, 939, tofauti 293. Kanuni yao inatumia theluthi mbili yake, yaani 195. Tukikadiria tungamo la u kuwa asilimia 60 ya lile la s, twazidisha 195 kwa asilimia 40 iliyobaki, tunapata 78. Vipimo vya maabara vinasema 1193 toa 1116, yaani 77. Hadi leo nafurahi kila ninapoiandika hesabu hii ubaoni.

Sasa, u na d za Lambda zikishafutana, spini yote imebebwa na s, na kani baina ya Lambda na nukleoni hupitia zaidi u na d. Ndiyo maana kani ya spini na mzunguko (inayotegemea spini ya chembe inavyoelekea ikilinganishwa na mzunguko wake ndani ya kiini), ambayo hutenganisha viwango vya nukleoni katika oksijeni kwa takriban MeV 6, ilipopimwa kwa Lambda ndani ya kaboni (nukleoni 12 na Lambda moja) katika maabara ya Brookhaven, Marekani, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2001, ilionekana kuwa takriban MeV 0.15 tu. Hoja hii usiihamishie kwa Sigma, kwa sababu u na d zake hazifutani, na kani yake na nukleoni hubadilika sana kufuatana na spini.