Jibu: Dodoso kwa wanafunzi wenye ulemavu wa akili

Umeuliza kama dodoso lako la maswali 40 kuhusu msongo wa mawazo litawafaa wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Kusema kweli, halifai. Baadhi yao ukiwauliza swali la ndiyo au hapana huelekea kujibu ndiyo, pengine wakuridhishe tu. Jaribu: "Unapenda shule?" Baadaye kidogo: "Unaichukia shule?" Akisema ndiyo kote kuwili, data ina walakini. Mimi ningetumia picha za nyuso (yenye furaha, ya kawaida, yenye huzuni) mtoto aonyeshe anavyojisikia, 3 zinatosha, kisha nikae darasani nitazame. Ridhaa ya mzazi lazima, ila muombe na mtoto mwenyewe. Akisukuma karatasi pembeni, hiyo ni hapana. Msimamizi wako wa utafiti aking'ang'ania sampuli kubwa, yaani wanafunzi wengi (wapo!), mtajie uchunguzi kifani, yaani kuchunguza wachache kwa undani: wanafunzi 8 kwa kina wanatosha.