Mtachekwa: kwa mafrateri mnaokwenda kuanza mwaka wa kichungaji

Kila mwaka barua za kuwapangia ninyi wanaseminari parokia za kujifunzia kazi zikishatoka, simu yangu hailali. Mmoja anauliza kama huko aendako mtandao unashika, mwingine anauliza abebe buti au ndala, wa tatu anataka kujua habari za maji. Hayo mtayapatia majibu wiki ya kwanza, na katekista wa hapo atawasaidia kuliko mimi. Ninalotaka kuwaambia ni lile lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa: mtachekwa. Mtachekwa na watoto, na wazee, na kwaya nzima. Msikikimbie kicheko hicho wala msikikemee, maana mlango wa kuingilia nyumba za watu uko hapo hapo.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho. Mwaka wangu wa kichungaji nilipelekwa Usukumani, parokia moja ya vijijini mkoani Shinyanga, na nilipopewa upadre nikapangiwa Simanjiro kwa Wamaasai. Kote huko nilikwenda kama Mtanzania ndani ya Tanzania, nikiamini kwamba ugeni ni wa wale wanaotoka Ulaya.

Pale Shinyanga tulikuwa na padre kijana kutoka Polandi, ndiyo kwanza ametoka shule ya lugha. Misale, kitabu cha sala za misa, alikuwa ameikariri, ila ulimi ulimteleza mahali pamoja tu. Palipoandikwa "Tuombe", yeye alisoma "Tuimbe".

Jumapili yake ya kwanza kigangoni, kanisa dogo la kijiji lililo chini ya parokia, wimbo wa Utukufu ulipokwisha, akanyosha mikono, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Tuimbe." Mwalimu wa kwaya akashtuka, maana hapo ratiba haikuwa na wimbo. Lakini padre ameshasema. Akainua mkono, kwaya ikasimama, ukaanza wimbo wa beti nne. Padre akasubiri, uso umemwiva, mikono bado ameinyosha. Wimbo ulipokwisha akavuta pumzi, akarudia, "Tuimbe." Kwaya ikaanza mwingine. Mara ya tatu bibi mmoja wa benchi la mbele akasimama, akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza mjukuu, "Baba, kuimba tumechoka. Sasa tuombe." Kanisa zima likaangua kicheko, na padre naye, alipoelewa, akacheka mpaka akaishika altare.

Sasa angalieni alichofanya baada ya misa. Alimfuata yule bibi, akamwomba amfundishe kusoma Injili ya Jumapili inayofuata. Tangu siku hiyo kila Alhamisi jioni alikwenda kwake na kitabu, akakaa kwenye kigoda, bibi anapukuchua karanga huku anamsahihisha. Akikosea neno, bibi alikuwa anamrushia karanga moja. Baada ya miezi mitano padre yule alihubiri bila karatasi, tena na lafudhi ya Kisukuma. Seminarini tulisoma kwamba Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwataka vijana wake waongee lugha ya watu, wale chakula chao na wavae kama wao. Niliyasoma hayo darasani nikayajibu kwenye mtihani. Kuyaona nimeyaona kwenye ule uwanja wa bibi, na maganda ya karanga chini.

Zamu yangu ilikuja na salamu. Wasukuma asubuhi husema "Mwangaluka". Nililipenda neno hilo, nikalitumia kutwa nzima. Ikawa jioni nikirudi na pikipiki, jua linazama, watoto wananikimbilia barabarani wakipiga kelele, "Mwangaluka! Mwangaluka!" Kwa wiki tatu niliwapungia mkono nikidhani wamefurahi kuniona. Walikuwa wamefurahi kweli, ila ni msichana mmoja wa darasa la pili aliyenihurumia akaniambia kwamba mchana na jioni tunasema "Mwadila".

Na salamu za kule zina mwendo wake. Unaulizwa "Mhola?", unajibu "Mhola duhu", kisha mnapita kwa watoto, kwa ng'ombe, kwa mvua, mnarudi tena nyumbani. Mimi nilikuwa na ratiba ya vigango vinne kwa siku, kwa hiyo nilisalimia nikipita. Siku moja mzee mmoja akanisimamisha, akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, ukinisalimia uko juu ya pikipiki, umelisalimia vumbi." Tangu siku ile nazima injini, nashuka, navua kofia. Vigango vinne vikawa viwili kwa siku, na paroko hakufurahi mwanzoni. Lakini katika hivyo viwili ndipo nilipoanza kuambiwa nani anaumwa, nani ameachwa na mumewe, nani hajaja kanisani kwa sababu hana nguo.

Msikatae majina mtakayopewa. Nilifika Novemba, na mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha usiku ule ule. Asubuhi nikaitwa Mabula, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Nilikaa mwezi mzima nawasahihisha, nawatajia jina langu la ubatizo taratibu, silabi kwa silabi. Wao wanaitikia vizuri, halafu wananiita Mabula. Katekista akaniuliza kwa nini nakataa kuzaliwa. Sikuwa na jibu, nikaacha kuwasahihisha. Baadaye mtaona jina hilo liliniingiza wapi.

Chakula nakipita haraka, maana kila anayekwenda mbali husimuliwa chakula kupita kiasi. Mtakula michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mtakunywa maziwa ya mgando, na mwili utazoea. Kama kitu kinakudhuru, sema wazi kwamba kinakudhuru. Watu wanaelewa ugonjwa. Ukisingizia kushiba wakati bado hujanawa mikono, umemwaibisha mama aliyekesha jikoni.

Jambo moja nawaomba sana: msitamke neno "ushirikina" miezi ya kwanza. Mwezi Juni nilichukuliwa Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo. Mbele yangu akapita mchezaji wa ngoma na chatu mzima amemzunguka shingoni, watu wanashangilia, na ulimi ukaniwasha. Nilipouliza badala ya kuhukumu, niliambiwa kwamba bulabo ni maua, kwamba sherehe hizo zinakwenda pamoja na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na kwamba kituo cha Bujora kilianzishwa miaka ya 1950 na padre mwenzetu kutoka Kanada, David Clement, aliyeupenda utamaduni wa Wasukuma akajenga na makumbusho yake. Mbegu niliyotaka kuing'oa ilipandwa na mmisionari.

Simanjiro nilifika na ujuzi huo wote, na haukunisaidia kitu siku ya kwanza. Nilishuka bomani nikakuta watoto kumi na mmoja, wakaja mmoja mmoja na kuinamisha vichwa mbele yangu. Kwa Wamaasai mtoto hampi mkubwa mkono. Anainama, nawe unamgusa utosini kwa kiganja, basi, salamu imekwisha. Mimi nilidhani wanaomba baraka. Nikaweka mikono miwili juu ya kichwa cha wa kwanza, nikasali, nikamwekea alama ya msalaba, nikamwombea masomo na wazazi. Wa pili hivyo hivyo. Mstari haukuisha. Nilianza kuhisi kitu nilipomwona mtoto mwenye shanga za bluu kwa mara ya tatu. Walikuwa wakishabarikiwa wanazunguka nyuma ya nyumba na kurudi kwenye mstari, na akina mama waliokuwa mlangoni wameshika midomo kwa rubega ili wasicheke. Wale watoto hadi leo wakiniona wananiinamishia kichwa na kusubiri sala, na kila mmoja nampa yake, fupi kidogo.

Mzee akikubariki anaweza kutema mate kidogo kiganjani ndipo akushike mkono. Pokea mkono huo na usijifute.

La kuhesabu limekaa karibu zaidi na kazi yenu, kwa sababu mtatumwa na fomu. Parokia ilitaka takwimu: kaya, watoto, waliobatizwa, wasiobatizwa. Nikakaa na mzee mmoja chini ya mgunga, kalamu mkononi. "Mzee, una watoto wangapi?" Akasema, "Wapo." Nikarudia. "Wapo, Mungu amewaweka." Nikajaribu njia ya ng'ombe, nikidhani mtu huzungumza kwa raha juu ya mali yake. "Nao wapo." Nilikuwa naanza kuona ananificha, mpaka katekista akaniinamia sikioni: kuhesabu watoto au ng'ombe wa mtu mbele yake ni kama kuwaitia balaa. "Muulize majina," akasema.

Nikauliza majina. Mzee akawaka kama taa. Akaanza na mtoto wa kwanza wa mke mkubwa: jina, alizaliwa msimu gani, anapenda nini, yupi kati yao ni mkaidi. Alipowamaliza watoto, bila kuulizwa akaingia zizini. Huyu mweusi mwenye baka jeupe tumboni, mama yake alitoka kwa mjomba. Yule mwekundu ana hasira, usimkaribie. Kimaasai kina maneno ya rangi na mabaka ya ng'ombe ambayo Kiswahili changu hakikuyafikia, na katekista alikuwa akitafsiri kwa mikono. Tulianza asubuhi, tukamaliza jua liko utosini, nami nimejaza kurasa saba. Usiku, peke yangu mezani, nikahesabu na kujaza fomu. Namba zilikwenda kunakohusika. Daftari la majina lilibaki kwangu, na ndilo linalofanya kazi: ukimuuliza baba habari za mtoto kwa jina lake, na unajua ni yule aliyekuwa anakohoa, mazungumzo mengine yanajiendesha.

Nimeuacha msiba mwisho makusudi, ingawa ni wa Usukumani. Alifariki mzee mmoja wa kigango, paroko yuko safarini, ikabidi mimi na katekista tuongoze mazishi. Jeneza limefika kaburini, watu kimya, nimefungua kitabu. Mara akatokea fundi cherehani wa pale senta, Mzaramo na Mwislamu, amevaa koti la marehemu na kushika fimbo yake. Anachechemea vile vile alivyokuwa akichechemea marehemu, anakohoa kikohozi chake. Akatushangaa sote. "Leo mmekuja wengi hivi! Nilipokuwa naumwa mlikuwa wapi?" Halafu akateremka kaburini, akajinyosha chali. "Hiki kiwanja nimeshalipia mimi. Mpelekeni kwingine."

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkemee, katekista akanivuta mkono wa kanzu. "Mwache, frateri. Huyo ni mtani. Mwangalie mama." Nikamgeukia mjane. Tangu juzi alikuwa hajala wala hajasema neno, mwanamke aliyekauka kama kuni. Alikuwa ameinama, mabega yanatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamwambia yule aliye kaburini, "Toka huko, utamchafulia koti." Ndipo akalia sawasawa, na wanawake wenzake wakamshika.

Wazee walinieleza baadaye. Wanyamwezi na Wasukuma walipokuwa wanashuka pwani na misafara ya biashara, walipita Uzaramo, wakagombana, wakapatana, na upatanisho huo ukageuka utani ambao wajukuu wanaurithi. Mtani ana haki ya kuvuruga msiba, na ana wajibu pia: yule fundi alichimba kaburi usiku kucha na kuchota maji ya wapishi. Kitabu changu cha ibada hakikuwa na ukurasa wa kumtoa mjane kwenye ukimya wa siku mbili. Yeye alikuwa nao.

Watu walichanga sarafu, wakazitupa kaburini, fundi akakubali kutoka. Kabla ya kunipisha akanitazama chini. "Wewe si ndiye Mabula?" Nikasema ndiye. "Mabula ni Msukuma. Basi wewe ni mtani wangu." Akainama, akanivua kiatu cha kulia, akaondoka nacho. Niliongoza sala zote za kaburini mguu mmoja uko kwenye udongo, na hakuna aliyeona ajabu. Jioni nilikwenda kukikomboa. Alitaka elfu tano, nilikuwa na elfu mbili, akanipa kiatu na kusema kwamba nyingine ataziandika.

Nilipokaribia kupewa upadre alinitumia kifurushi kwa basi hadi Kibosho. Ndani yake mlikuwa na kanzu nyeupe aliyoishona bila kunipima, na ilinikaa. Ndiyo niliyoivaa siku ile, na ndiyo ninayoivaa Simanjiro kila Pasaka. Upande wa ndani wa kola, kwa uzi mweusi na herufi kubwa, ameshona: MABULA, BADO ELFU TATU.