Kwa nini moyo upigwe picha mara mbili?

SWALI: Nina miaka 58. Kifua hunibana nikipanda ngazi, nikisimama hutulia. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) niliyopimwa nimelala haikuonyesha tatizo. Sasa nimeandikiwa kipimo cha mtiririko wa damu kwenye moyo kwa dawa ya mionzi, picha mara mbili, tena nimekatazwa kahawa. Kwa nini?

JIBU: Mshipa unaolisha moyo unaweza kuziba zaidi ya nusu na bado ukapitisha damu ya kutosha ukiwa umetulia, kwa kuwa mishipa midogo iliyo mbele yake hutanuka kufidia. Upungufu hujitokeza moyo unapodai damu zaidi. Ndiyo maana ECG ya kitandani ilitoka safi, na ndiyo maana picha moja hupigwa baada ya moyo kufanyishwa kazi, nyingine ukiwa umepumzika.

Utawekewa kanula (kimrija chembamba cha kupitishia dawa) kwenye mshipa wa mkono, kisha utatembea kwenye mashine ambayo kasi na mwinuko wake huongezwa kwa hatua, mara nyingi kila dakika 3. Lengo ni mapigo yafike asilimia 85 ya kinachobaki ukitoa umri wako kwenye 220. Kwako ni kama 138 kwa dakika. Ukifika kilele hudungwa teknishiamu, ile dawa ya mionzi, nawe huendelea kutembea dakika 1 hivi ili misuli ya moyo iinyonye. Mapigo yasipofika huko, picha inaweza kutoka nzuri na ugonjwa upo. Hata hivyo, kifua kikibana au kichwa kikizunguka, sema papo hapo.

Asiyeweza kutembea hupewa dawa ya kutanua mishipa, kama adenosini. Kafeini huizuia dawa hiyo kufanya kazi, mishipa haitanuki, na kipimo hudanganya kuwa mambo ni shwari. Kwa kuwa hata anayetembea huweza kubadilishiwa njia siku hiyohiyo, acha kahawa, chai, kola, chokoleti na dawa za maumivu zenye kafeini kwa muda wa saa 12 hadi 24 kabla ya kipimo, kama kituo kitakavyokuelekeza. Ile kahawa iliyoondolewa kafeini nayo iache, haikosi kidogo. Kama una pumu, waambie mapema. Dawa za kupunguza mapigo usizisimamishe mwenyewe, aseme daktari.

Eneo likififia kwenye picha ya kazi na kujaa kwenye ya mapumziko, misuli ni hai ila damu haiitoshi. Likififia kwenye zote mbili, mara nyingi ni kovu la shambulio la zamani, ingawa titi au kujisogeza wakati wa kupigwa picha huweza kuleta kivuli cha uongo. Tunasisitiza jambo moja: kipimo hiki hulinganisha eneo na eneo, hivyo mishipa yote mitatu mikuu inayolisha moyo ikibana kwa kiasi kilekile, picha inaweza kuonekana sawa kote. Kwa hiyo muulize daktari pia ECG na presha vilikwendaje ulipokuwa ukitembea.

Kifua kikianza kubana hata umekaa, au kisipotulia ndani ya dakika chache, usingoje tarehe ya kipimo. Nenda idara ya dharura.