Kelele za Anfield zimo kwenye mteremko na paa

Mmeuliza wiki hii: je, kelele za Anfield, uwanja wa klabu ya Liverpool, ni chumvi za watangazaji, au uwanja wenyewe unazo?

Unazo, na chanzo chake ni Kop, jukwaa la nyuma ya goli lililojengwa 1906. Jina lenyewe limetoka Afrika. Spion Kop ni kilima cha Natal ambako Makaburu waliwashinda Waingereza Januari 1900, na wengi wa waliouawa walikuwa wa vikosi vya Lancashire, jimbo la Liverpool enzi hizo. Mwandishi wa michezo Ernest Edwards ndiye aliyelipendekeza. (Wanaodai Anfield ndiyo ya kwanza kulitumia wanakosea, uwanja wa zamani wa Arsenal kule Plumstead ulitangulia.)

Lakini mwaka wa kukumbuka ni 1928, paa lilipowekwa. Kabla ya hapo sauti ilipotelea angani. Chini ya paa, watu wapatao 30,000 walisimama kwenye mteremko mmoja usiokatwa na ghorofa, kila mmoja akimsikia wa mbele na wa nyuma yake, na sauti yote ikasukumwa kuelekea uwanjani.

Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, mashabiki wa Liverpool walipokufa kwa kubanana jukwaani, ripoti ya Jaji Taylor ilitaka viti. Kop ya kusimama iliaga 30 Aprili 1994, Liverpool ikifungwa 1-0 na Norwich. Ya sasa ina viti 12,000 na ushei. Kupungua kwa watu kuliumiza, ila namba ya kiti iliumiza zaidi: zamani waimbaji walisogeleana wenyewe hadi katikati, sasa tiketi huwatawanya. Kilichoiokoa Kop ni kujengwa tena kwa mteremko mmoja, bila ghorofa.

Sikilizeni pia mwendo wa nyimbo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na kutoka goli hadi goli ni mita 101. Kwa hiyo upande wa pili huisikia Kop ikiwa imechelewa karibu theluthi ya sekunde, na wakijibu, jibu nalo huchelewa vilevile. Makofi ya haraka hugongana na kuvurugika. Wimbo wa taratibu, wenye irabu za kuvutwa, huumeza ucheleweshaji huo. Ndiyo maana You'll Never Walk Alone, wimbo ule wa kabla ya mechi uliotamba 1963, huimbwa na uwanja mzima hata spika zikizimwa, ilhali nyimbo za makofi huanzia Kop na mara nyingi huishia humohumo.