Kabla hujaandika swali la utafiti wa dharura, muulize aliyemleta mgonjwa

Ukifanya utafiti kwenye idara ya dharura, mtu unayemhitaji zaidi hawezi kuzungumza nawe. Amezimia, au ni mtoto mwenye degedege, na ndugu aliyemleta anamtafuta daktari tu, hana habari na makaratasi yako. Inabidi uwasikilize mapema wale waliowahi kukaa kwenye benchi lile. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi na timu za utafiti wa majeruhi, na nawashauri vijana wanaoanza: waiteni watu hao kabla swali halijaandikwa. Ukiwaita baada ya kamati ya maadili kupitisha kila kitu, kazi yao itakuwa kukupigia makofi na kunywa soda.

Timu yetu ilitaka kujua majeruhi wa pikipiki wanacheleweshwa wapi. Muda tulianza kuuhesabu mgonjwa anapoandikishwa mapokezi. Tukawaita waliowahi kuumia, ndugu waliowauguza, na madereva bodaboda wa kijiwe cha jirani, maana wao ndio ambulansi ya mtaa wetu. Dereva mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sista, na ile ya kupita polisi kwanza mmeiweka wapi?"

Alikuwa anaizungumzia PF3, fomu ya polisi inayodaiwa hapa Tanzania mtu akiumia ajalini. Aliye mahututi anaweza kutibiwa kwanza, fomu ikafuata, lakini pale kijiweni wengi waliamini kwamba bila PF3 utarudishwa getini. Basi wanapitia kituoni, majeruhi akiwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, anavuja damu. Madaktari wetu hawakuwa wameliona hilo, kwa sababu wao humwona mgonjwa akishafika. Dodoso likaandikwa upya, muda ukaanza kuhesabiwa pale barabarani.

Halafu kuna ridhaa, na hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Utafiti wa FEAST, wa kupima kama dripu nyingi za haraka huokoa watoto, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kati ya 2009 na 2011, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali ambao damu ilikuwa haizunguki vizuri mwilini. Huwezi kumsomea mama kurasa za maelezo huku mwanawe anapigania pumzi. Kwa hiyo palipokuwa na haraka mzazi aliombwa kukubali kwa mdomo, maelezo kamili na sahihi vikafuata baadaye. Matokeo yalikuja kinyume cha matarajio: kati ya waliopewa dripu nyingi kwa haraka, watoto 10 hivi katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48, na kwa wasiopewa ni 7 hivi.

Sasa fikiria unavyomweleza mzazi matokeo kama hayo. Maneno hayo usiyatunge peke yako ofisini. Tulipokuwa tunaandaa maelezo ya utafiti mwingine, wa watoto, mama mmoja aliyefiwa alituambia: "Msinipigie simu. Njooni nyumbani, na mje na mtu ninayemjua." Sisi tulikuwa tumeshaandaa orodha ya namba za simu.

Kuhusu kikao chenyewe: mwenyekiti wa mtaa mpe taarifa, mheshimu, lakini usimfanye msemaji wa wagonjwa, maana akiwepo, wengine huitikia tu. Aliyefiwa na mtu wake hospitalini usimwite hospitalini, tafuta ukumbi wa shule au baraza la nyumba ya mtu. Bodaboda waite saa za mchana abiria wakipungua. Nauli na posho ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo, zitolewe siku hiyohiyo mkononi. Mtu aliyeacha genge lake asubuhi nzima akiambiwa "tutawatumia wiki ijayo", kikao cha pili hutamwona, na kijiwe kizima kitajua sababu.