Kano linaunga au linachipua?

Msomaji wa Masasi kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Kaka yangu alikuwa anacheza mpira, ghafla akasikia pa! nyuma ya kisigino, uwanjani wote wakasema mshipa umekatika, tulivyofika hospitali daktari akasema ni kano. Sasa kuna jamaa anatuambia zipo sindano za seli shina, akichomwa kano linachipua upya. Je ni mshipa au kano? Na kusema linachipua ni sawa?"

Marahaba mdogo wangu, na mpe pole sana kaka.

La kwanza halina mjadala mrefu, sema kano. Mshipa kwetu huku pwani umebeba mambo mengi mno, kuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na ukisema fulani ana mshipa mzee wa Mikindani anaelewa ngiri moja kwa moja. Kano ni ile kamba ngumu nyeupe inayoshika msuli kwenye mfupa, mchinja mbuzi yeyote anaijua.

La pili ndo limenifanya niandike, maana hapo neno linaweza kuwatoa watu hela. Hilo "linachipua" nahisi limezaliwa na neno shina. Sisi watu wa korosho tunajua mkorosho mzee ukikatwa shina linatoa machipukizi, kwahiyo mtu akisikia seli shina (yani seli changa za mwili zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) anaona kano jipya linaota. Kano haliendi hivyo. Linaunga, kama tunavyosema mfupa umeunga, na linaunga kwa kovu.

Angalia inavyokuwa. Siku za mwanzo panavimba, chembe sahani za damu zinamwaga kemikali za kuita msaada, chembe nyeupe zinakuja kusafisha. Baada ya hapo seli zinaanza kuzaliana, zikiwemo seli shina zinazoishi ndani ya kano lenyewe (watafiti walizieleza kwa binadamu na panya mwaka 2007), zinatandaza haraka haraka nyuzi za kolajeni (protini inayojenga kano) aina ya 3 ambazo ni dhaifu, alafu taratibu sana hizo nyuzi zinabadilishwa kuwa kolajeni aina ya 1 iliyo imara, na hatua hii inachukua miezi, hata mwaka na zaidi, kwa sababu kano lina damu kidogo, na hata likishapona mara nyingi haliwi sawasawa na la mwanzo. Sasa hapo kimechipua nini?

Tena hilo jina la seli shina hata wenyewe wataalamu limewasumbua. Arnold Caplan wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, Marekani, ndo aliyelieneza jina la seli shina za mesenkaima (aina inayopatikana kwa mfano kwenye uboho wa mifupa) mwaka 1991, na mwaka 2017 huyohuyo akaandika kwamba libadilishwe, kwa vile seli hizo zikichomwa mwilini hazigeuki kuwa nyama mpya kama watu walivyotegemea, kazi yake kubwa ni kutoa ishara zinazoamsha seli za palepale zifanye ukarabati. Kwahiyo kitenzi chake ni kuchochea. Seli shina zinachochea, kano linaunga. Na mwambie huyo jamaa sindano hizo kwa kano lililokatika bado ziko kwenye utafiti, si tiba ya kawaida, ya kawaida ni upasuaji au kufungwa hogo, ikifuatiwa na mazoezi.

Kuhusu hizo ishara, sipendi sana "seli zinaongea", mi nasema zinapeana ishara. Ishara nyingi ni protini, mojawapo inaitwa TGF-beta, inaamuru kolajeni itengenezwe, ila ikizidi kovu linakuwa nene na kano linanatana na nyama za jirani. Na mvuto nao ni ishara, seli za kano zinahisi zinapovutwa ndo zinapanga nyuzi kufuata upande wa mvuto, ndo maana sikubaliani na ule usemi wa "apumzike tu mpaka lipone". Sema "alipe kano kazi kidogo kidogo", yani kwa kipimo atakachopewa na daktari au mtu wa fizio, maana akiwahi linaweza kukatika tena.

Kwahiyo nyumbani semeni: kano la kisigino la kaka limekatika, sasa linaunga. Alafu muulizeni daktari ni lini aanze kukanyagia.