Ganzi ya vidole inayoamsha usiku

SWALI: Mimi ni fundi cherehani Kariakoo. Kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi usiku hadi naamka kukung'uta mkono. Siku hizi hata sindano inaniponyoka. Je, damu haitembei?

JIBU: Pole sana, dada. Tatizo si damu: hizo ni dalili za mshipa wa fahamu (neva) kubanwa kwenye kifundo cha mkono, unapopita njia moja nyembamba na kano 9. Kidole cha mwisho hakihudumiwi na mshipa huo. Nacho kikifa ganzi, chunguza pia kiwiko na shingo.

Usingizini tunakunja kifundo, na mgandamizo unazidi. Vaa gango la kifundo (kifaa kinachozuia kifundo kisikunjike) kila usiku kwa wiki 6, vidole vikiwa huru. Hapa wengi hukosea: magango mengi ya dukani yamepinda kwenda nyuma nyuzi 20 hadi 30, na mkao huo hubana zaidi. Chomoa bamba la chuma la ndani, linyooshe, kisha lirudishe. Pima pia sukari na homoni za tezi ya shingo, maana huenda chanzo kikawa huko.

Sindano kuponyoka kunatutia wasiwasi, kwa kuwa ncha za vidole zimeanza kupoteza hisia. Linganisha viganja vyote viwili: nyama iliyo chini ya kidole gumba ikiwa imebonyea, au ganzi haiondoki mchana, usimalize hizo wiki 6. Omba rufaa kwenda kwa daktari wa mifupa, kwa mfano Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili. Misuli ikishasinyaa, hata upasuaji huenda usiirudishe yote.